Mikono ya Milja

Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, mji wa Örebro huwa na njaa ya kitu kimoja tu: andazi lililojaa krimu na lozi za kusagwa. Foleni ya duka la mikate pale karibu na daraja ilikuwa imetoka nje mpaka kwenye theluji. Ndani watu walibanana na makoti yao mazito, miwani imepiga mvuke, kila mmoja na kikaratasi chake cha namba, macho kwenye ubao wa taa nyekundu ukutani. Torun alikuwa na namba sabini na nne.

Ubao ulionyesha sitini na tisa. Ukaendelea kuonyesha sitini na tisa. Torun aliona watu wakibeba maboksi yao meupe na kutoka, hata waliokuja nyuma yake, na ubao haukusogea. Alivuta vizuri koti lake la sufu la rangi ya haradali, akatulia. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na miaka yote hiyo ameizoea hali ya kusubiri jambo ambalo wenzake wote wameshaambiwa.

Mtu akamgusa bega. Mwanamume mrefu, ndevu za siku tatu, koti jembamba la mvua ambalo kwa baridi ile lilikuwa kichekesho. Midomo yake ikaenda haraka. Torun akagusa sikio lake, akatikisa kichwa. Mwanamume akawa mwekundu mpaka shingoni, akatoa simu, akaandika.

"Ubao umekufa. Dada wa kaunta anaita kwa mdomo. Alikuita mara tatu, akaruka."

Torun akachukua simu. "Na wewe mbona hujachukua chako?"

"Namba yangu iko baada ya yako."

"Sasa wamefika ngapi?"

"Tisini na mbili."

Torun akamtazama mtu huyu aliyeacha watu kumi na saba wampite kwa sababu tu aliyemtangulia hajahudumiwa. Akacheka. Kicheko chake kikubwa, ambacho mwenyewe hajawahi kukisikia, kiligeuza vichwa vya duka zima. Walipofika kaunta lilikuwa limebaki andazi moja. Walilila wima kwa vijiko viwili, krimu ikamganda mwanamume kwenye ndevu, na Torun akamwacha nayo makusudi.

Jina lake lilikuwa Joar. Alitengeneza programu za simu katika ofisi ndogo jirani na kituo cha reli, na kabla Pasaka haijafika alikuwa amejiandikisha darasa la jioni la lugha ya alama. Torun alimcheka bila huruma.

"Mikono yako inaongea kama mtu aliyevaa glavu mbili."

"Nipe muda, mpenzi."

"Muda ninao. Ninachokosa ni kuelewa unachosema."

Kila usiku taa ndogo ya bluu kando ya kitanda cha Torun iliwaka na kuzimika, ndiyo simu inaita, na pale kwenye kioo alikuwepo Joar na nywele zake zilizovurugika, akimsimulia siku yake nzima kwa mikono, polepole, huku akikosea. Torun alimsahihisha, akamtania, akamwambia ashushe kiwiko, ainue nyusi, asiogope uso wake. Mara nyingine hakumsahihisha. Alimtazama tu, mwanamume mzima aliyekubali kuwa mtoto mchanga kwa ajili yake, na moyo ukamjaa.

Mwezi wa sita walikuwa wamekaa kwenye gati la ziwa Hjälmaren, miguu majini, Joar amevaa kofia ya majani iliyotoboka na Torun gauni la kitani lisilo na mikono. Torun hakuwa na raha. Alikuwa mshauri wa afya katika shule ya sekondari ya bweni ya viziwi, na kuna jambo lilikuwa limemkaa kooni tangu wiki iliyopita.

"Msichana wangu mmoja alienda kliniki ya vijana," alisema. "Ana miaka kumi na sita. Wakamletea mkalimani. Unajua alikuwa nani? Mke wa kocha wake wa mpira."

"Akafanyaje?"

"Akasema anaumwa koo. Wakampa vidonge vya kumumunya, akarudi bwenini na shida yake vilevile."

"Si angesoma tu mtandaoni?"

"Kile Kiswidi cha ofisini? Hiyo ni lugha ya pili kwake, Joar. Wewe ungependa kusoma habari za mwili wako kwa Kifini?"

Joar akavua kofia, akaigeuzageuza. "Kila mmoja wao ana simu," alisema hatimaye. "Ajirekodi akiuliza. Video ije kwako peke yako. Na wewe ujirekodi ukimjibu."

Hivyo ndivyo Uliza ilivyozaliwa. Joar aliijenga bure, jioni na Jumamosi, na mwezi wa tisa ilikuwa ndani ya simu za wanafunzi wote. Ukiifungua, wa kwanza kumwona alikuwa Torun na fulana yake nyeusi, akisema kwa mikono yake: "Uliza lolote. Mikono yako nitaiona mimi tu. Hakuna mwingine."

Na waliuliza. Waliuliza kama chunusi zinaambukiza. Waliuliza kwa nini moyo unakimbia mtu akiwa amelala, na kondomu inavaliwaje, na kama dawa za huzuni zinamfanya mtu kuwa mwingine. Torun aliwajibu jioni baada ya jioni kwenye meza ya jikoni, huku Joar akiosha vyombo na mgongo wake umegeuka. Walikubaliana hivyo: Joar anaitunza programu, video hatazami. Torun alikuwa hajawahi kuwa na furaha kama ile, na aliwaambia wenzake kazini kuwa mwanamume yule akimwomba hata leo waoane, hatamwambia asubiri.

Mwezi wa kumi na moja ukaja na mvua yake ya barafu. Mkoa ulikuwa uamue Ijumaa kama utaigharamia Uliza iendelee au ife. Jumatatu Torun alishikwa na mafua makali, homa ikampanda mpaka kuta zikawa zinapumua.

"Lala," Joar alimwambia kwenye simu. "Nitaenda mimi. Mkalimani sihitaji, takwimu ninazo."

"Usiniharibie mtoto wangu."

"Mtoto wetu, bibiye."

Ijumaa saa tisa mchana, giza limeshaanza kushuka, simu ya Torun ilitetemeka mpaka ikaanguka kutoka kwenye kiti. Aliiokota sakafuni. Zilikuwa jumbe arobaini na moja. Ya kwanza ilitoka kwa Vendela, mwanafunzi wa mwaka wa pili: "Kwa nini umemweka Milja ukurasa wa mbele?"

Torun akafungua Uliza. Chini ya picha yake mwenyewe, palipokuwa patupu siku zote, palikuwa na video yenye maandishi: "Hauko peke yako." Mtu amekaa kitandani, fulana ya kijivu, uso wake wote umegeuzwa wingu. Lakini mikono ilionekana wazi. Mkono wa kushoto ndio ulioongoza, kidole kidogo kimepinda pale kilipovunjika kwenye sleji ya theluji utotoni, na kila neno liliishia na kifundo kikianguka kidogo, kama mtu anayeweka kikombe mezani taratibu. Hapakuwa na mtu mwingine shuleni pale anayeongea hivyo. Milja wa Pajala, kutoka kaskazini kabisa mpakani, msichana aliyekuja ofisini kwa Torun kila Alhamisi kula biskuti kavu na kutosema chochote.

Mikono ilisema: "Nimekosa hedhi miezi miwili. Kuna kipimo naweza kufanya bila mkalimani na bila nyumbani kujua? Nijibu haraka. Silali."

Ilikuwa imetumwa Jumanne. Kwa siku tatu Torun alikuwa amelala na homa, akijiambia atafungua kesho.

Taa ya mlangoni ikawakawaka. Joar aliingia na shada la waridi, mashavu mekundu kwa baridi, na mikono yake ikaanza kusema kabla hajavua viatu.

"Wamekubali. Miaka mitatu, Torun. Mkoa mzima. Mama mmoja wa kamati alitoa machozi pale pale."

"Umemweka Milja."

"Milja ni nani?"

"Msichana wa ukurasa wa mbele."

"Yule? Lakini nimemficha." Bado alikuwa anatabasamu. "Uso wote nimeutia ukungu. Hata fulana nimebadilisha rangi, ilikuwa nyekundu. Mama yake mzazi hawezi kumjua."

"Mama yake hawezi, kweli. Mama yake hajui kuongea naye. Sisi wengine tulimjua kabla hajamaliza neno la kwanza."

"Haiwezekani. Uso hauonekani kabisa."

Torun akakaa kitako kwenye ukingo wa kitanda, nywele zimemganda kwa jasho. "Mama yako akikupigia simu, unauona uso wake?"

"Hapana."

"Anakutajia jina?"

"Hapana."

"Sasa unajuaje ni yeye?"

Joar akainua mkono kujibu. Mkono ukaishia njiani. Torun akaliona jibu likimfikia, likipita machoni, likishuka mdomoni, na yale maua yakateremka polepole mpaka yakagusa sakafu.

"Umemvika mtoto wa watu gunia kichwani," alisema Torun, "kisha ukampa kipaza sauti. Tulikubaliana hutazami, Joar."

"Nilikuwa natengeneza hitilafu. Video haikuwa inafunguka, nikaijaribu. Nikaona neno la kwanza. Nikamwelewa. Mwanzo mpaka mwisho, bila kurudia hata mara moja. Sijawahi kumwelewa mtu hivyo, hata wewe. Nilijiona nimefika. Nikasema watu wa mkoa wamwone, na wale wengine wenye hofu wamwone."

"Hukuniuliza."

"Ulikuwa mgonjwa. Nilitaka uamke ukute..."

Kwa miezi yote hiyo Torun alikuwa akiingoja siku ambayo mwanamume huyu ataelewa mikono bila kusaidiwa. Siku imekuja, na imekuja hivi. Akamfungulia mlango atoke.

Joar aliifuta video dakika ileile, na haikusaidia kitu. Bweni zima lilikuwa limeshaona. Mzazi mmoja akamwandikia mzazi mwingine, na Jumapili gari lenye matope ya nchi nzima likasimama mbele ya bweni. Torun alifika anakimbia, koti halijafungwa. Milja alikuwa kiti cha nyuma tayari, baba yake kwenye usukani akitazama mbele, mama yake akipakia mto na mfuko wa nguo. Torun aligonga kioo. Milja akamtazama, kisha akaivuta mikono yake ndani ya mikono ya sweta mpaka vidole vikapotea, na gari likaondoka.

Wiki ile wanafunzi waliifuta Uliza mmoja baada ya mwingine. Torun alikaa jikoni mbele ya kioo kitupu. Mkoa ulituma barua ya pongezi.

Taa ya bluu iliwaka kila usiku na yeye akaitazama ikizimika. Joar alituma video, kumi, kumi na tano. Hakuzifungua. Siku ya kumi na saba Torun alimkuta amesimama nje ya lango la shule katika theluji ya maji, amekonda, amevaa lile koti lake jembamba.

"Niruhusu niongee na wanafunzi," alisema.

"Uwaambie nini?"

"Nilichofanya."

"Bila mkalimani."

"Bila mkalimani."

"Hawatakupigia makofi, Joar."

"Sijaja kwa makofi."

Ukumbi wa shule ulikuwa chini ya ardhi, hauna dirisha. Wanafunzi sitini walikaa kwa nusu duara, ili kila mtu aione mikono ya kila mtu. Joar alisimama katikati chini ya taa, sweta jeusi lisilo na urembo, kama Torun alivyomfundisha, ili mikono yake isomeke. Torun alisimama ukutani. Akajikuta anamwombea, kisha akajichukia kwa kumwombea.

"Mimi ndiye niliyeitoa video ya Milja," Joar alisema. Aliongea polepole, vidole vikimgoma. "Torun hakujua. Niliahidi kutotazama, nikatazama. Nilidhani mtu ni uso wake. Sikujua. Ningeweza kuuliza, na jina la kitu chenyewe lilikuwa hilo, na sikuuliza."

Vendela akasimama, yule aliyeandika ujumbe wa kwanza, msichana mrefu mwenye msuko mmoja mgongoni.

"Nililala chumba kimoja na Milja," alisema. "Milja huongea usingizini. Mikono juu ya blanketi. Miezi kumi na tano nimeyaona mambo yake yote na sijamwambia mtu, hata yeye mwenyewe sijamwambia. Wewe umeijua lugha yetu kwa miezi tisa tu."

"Ndiyo," alisema Joar.

"Tukikusamehe, yeye atapata nini?"

"Sijui."

"Haya."

Vendela akatembea taratibu hadi mlangoni, akazima taa.

Kati ya viziwi, taa ukiizima na kuiwasha unamwita mtu. Ukiizima na kuiacha, umemkata ulimi. Torun alihisi sakafu ikitetemeka chini ya soli zake, viti vikisukumwa, viatu vya watu sitini vikipita, mlango ukifunguka na kufunga. Kisha sakafu ikatulia. Giza lilikuwa zito, mtu hawezi kuona hata pua yake, na mahali fulani ndani yake alikuwemo mwanamume asiyeweza tena kusema wala kuambiwa.

Alienda akipapasa viti. Akagusa sufu, akashuka na mkono wa sweta mpaka akavikuta vidole, vya baridi. Akaunda maneno ndani ya viganja vyake.

"Ni mimi."

"Najua," vidole vya Joar vikajibu ndani ya vyake. "Nimekujua kwa mikono."

Torun akainamisha paji la uso kwenye kifua chake.

"Umechelewa kujua," alisema.

"Nilitaka kukuomba tuoane. Krismasi hii. Nilikuwa..."

Torun akaishika mikono yake yote miwili, akaifunga. Ni utovu mkubwa wa adabu, ni kumziba mtu mdomo, na alikuwa hajawahi kumfanyia mtu yeyote. Aliishika hata hivyo, kwa sababu kama angemwacha amalize, angemkubalia. Kitu cha moto kikadondoka juu ya vidole vyao. Hakujua kimetoka kwa nani.

Alipomwachia, alisema, "Naenda Pajala. Kule wanatafuta mtu wa kukaa na Milja, saa nne kwa siku. Nimeshawaandikia."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka aongee."

Januari kule Pajala jua halina haja ya kujisumbua. Nyumba ya kina Milja ilikuwa ya mbao, nyekundu, na harufu ya kahawa na soksi za sufu zinazokauka. Mama yake, Aune, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono iliyopasuka kwa kazi ya kufua hotelini. Siku ya kwanza aliweka vipande vya jibini ndani ya kikombe cha kahawa cha mgeni, kama ilivyo desturi ya kule, akakaa, na akaandika nyuma ya karatasi ya matangazo ya duka.

"Haikuwa mimba. Damu ilikuja siku ya tatu baada ya kumleta. Daktari alisema hali chakula vizuri, ndiyo maana."

Torun akaisoma, akairudia. Jibu la swali lile lilikuwa hapana. Lilihitaji dakika mbili tu za video na kijiko cha uji.

Aune aliandika tena, akibonyeza kalamu kwa nguvu. "Hajainua mikono tangu Novemba. Waliniambia akiwa mdogo nisijifunze alama, eti atazembea kusoma midomo. Nikawasikiliza. Sasa ninaye mtoto ndani ya nyumba na sijui nimuulize nini."

Hivyo Torun akaanza na mama. Milja alikaa dirishani na sweta lake, mikono ndani, akitazama theluji, na mezani Torun alimfundisha Aune: umelala? Una njaa? Panauma wapi? Nisamehe. Aune alijifunza akitokwa na jasho, akirudia neno moja mpaka vidole vikamkaza. Akimgeukia binti yake na kumuuliza kama ana njaa, Milja alitazama kwingine. Wiki zikapita namna hiyo. Baba aliingia, akavua buti, akatoka. Kila saa sita mchana Joar alipiga, simu ikatetemeka mfukoni mwa Torun, na Torun aliiacha itetemeke mpaka inyamaze.

Machi jua lilirudi kwa saa kadhaa. Siku moja, Torun akiwa amekaa anafuma bila akili, mkono wa sweta ukapanda. Mkono wa kushoto ukatoka, mweupe kama mzizi.

"Vendela ameniandikia," alisema Milja. Kifundo chake kilianguka mwisho wa neno, vilevile. "Amesema alimzimia taa yule mwanamume."

"Ni kweli."

"Alilia?"

Torun aliweka sindano za kufumia chini kwa uangalifu mkubwa. "Mmoja wetu alilia. Palikuwa na giza."

Milja akafikiri. "Na swali langu. Ungenijibu?"

"Ningekujibu. Nilikuwa na homa, nikasema kesho. Hilo ni langu, si la Joar."

"Siku tatu nililala na simu mkononi."

"Najua."

"Hujui." Mkono ukabaki hewani. "Mwambie..." Kisha ukaanza kurudi ndani ya sweta.

Kwenye jiko, Aune alikuwa amegeuka na mwiko mkononi. Alikuwa ameona. Katika maneno yote yale alikuwa ameshika moja, la mwisho. Akauweka mwiko, akafuta mikono kwenye aproni, akamwendea binti yake, na kwa vidole vizito, kiwiko juu mno, akauliza:

"Mwambie nini?"

Milja akamtazama mama yake. Mkono wa kushoto ulitoka tena, ukakishika kile kiwiko cha mama, ukakishusha mahali panapostahili.

Torun akachukua koti lake la haradali akatoka nje. Saa sita. Simu ikatetemeka. Aliisimamisha juu ya ubao wa uzio, akavua glavu, akapokea.

Joar alikuwa ofisini, ndevu zimekuwa ndefu. Aliona kuwa amepokelewa na hakuinua mkono. Alisubiri yeye aanze.

"Nina dakika moja," alisema Torun. "Vidole vinaganda. Ameongea leo. Ameuliza kama ulilia."

Joar akafunika mdomo, kisha akashusha mkono. "Ukamwambia nini?"

"Kwamba palikuwa na giza." Upepo ulimrushia nywele usoni, akazitoa. "Sikiliza. Akipona nitarudi, nitaifungua Uliza upya, na watu wengine wataijenga. Na kabla mtoto hata mmoja hajaniamini, ataniuliza yule mwanamume yuko wapi. Nataka niweze kumjibu: hayupo kwangu."

"Hata kama tungeoana kimyakimya?"

"Kwetu hakuna kimyakimya, Joar. Umejionea."

Akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalimtiririka na safari hii palikuwa na mwanga wa kutosha. "Bado unanipenda?"

"Ndiyo. Sitakuficha hilo."

"Basi sawa," alisema. Kiwiko chini, nyusi juu, kila neno mahali pake. Alikuwa amejifunza vizuri kabisa. "Basi sawa, mpenzi."

Viziwi hawajui kuagana upesi. Husimama mlangoni na makoti yao saa nzima, kila mtu akikumbuka jambo jingine. Torun naye alikuwa na ya kusema mpaka usiku, lakini baridi ilikuwa digrii ishirini na mbili chini ya sifuri, na vidole vyake havikukunjika tena. Akamtazama mpaka kioo kikazimika chenyewe. Kisha akavaa glavu.